Mji wa farasi: je, nimpeleke mama na watoto?

*"Daktari, habari za kazi. Naishi Monduli na mume wangu ni mfugaji, tuna ng'ombe na mbuzi. Mwezi wa nane nitasafiri na wanangu wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 7, pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 67, kwenda kumsalimia mdogo wangu anayeishi Riverside, California, kwa wiki mbili. Mdogo wangu anataka kutupeleka Norco, mji anaosema watu wanakwenda dukani wakiwa juu ya farasi. Kijana hapati usingizi, anataka kupanda. Binti ana pumu. Mama amekataa kabisa, anasema asante ya punda ni mateke, na farasi ni punda mkubwa tu. Mdogo wangu ameahidi kununua mfuko mzima wa karoti tuwalishe farasi njiani. Jirani naye amenitia hofu kwamba nikisema uwanja wa ndege kuwa tunafuga tutarudishwa, eti ninyamaze. Je, ni busara kuwapeleka? Tujiandae vipi?"*

Dada yangu, wapeleke wote, bibi akiwa wa kwanza kuingia garini. Ila karoti zibaki sokoni, ushauri wa jirani usiufuate, na methali ya mama tuizungumze kwa heshima yake, maana ina ukweli ndani yake lakini inamweleza farasi kwa jicho la punda.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nilisomea Sokoine pale Morogoro, nikaanza kazi kwa ng'ombe na kuku, na sasa ni miaka mingi natibu farasi kusini mwa California. Najua boma lako lilivyo na najua uwanja wa nyuma wa nyumba ya Norco ulivyo. Swali lako lina vipande vingi, lakini nikilisoma naona wasiwasi mmoja: familia inayojua mifugo inakwenda kukutana na mnyama isiyemjua, katika mji wa watu. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza mji wenyewe, kwa kifupi. Norco iko wilaya ya Riverside, kama kilomita 80 mashariki ya Los Angeles, na wakazi wake ni kama elfu 26. Jina lake limekatwa kutoka North Corona Land Company, kampuni iliyogawa viwanja hapo mwaka 1923 kwa watu waliotaka nyumba yenye nafasi ya kulima na kufuga. Mwaka 1964 wakazi waliufanya mji unaojitawala, na tangu hapo wameulinda ule uhuru wa kufuga nyumbani. Barabara nyingi hazina njia ya miguu ya zege kama miji mingine. Pembeni kuna njia ya udongo yenye uzio mweupe, na hiyo ni ya farasi. Ukizijumlisha njia hizo zinapita kilomita 150. Mbele ya maduka na migahawa kuna nguzo za kufungia farasi. Kwenye taa za kuvukia barabara utakuta kitufe kimewekwa juu, ili mpanda farasi akibonyeze bila kushuka. Watoto watakitafuta hicho kitufe siku nzima.

Usitarajie geti, tiketi wala mtu wa kuwatembeza. Huu si mji wa makumbusho. Mabanda mnayoyaona ni nyuma ya nyumba za watu, kama vile zizi lako lilivyo nyuma ya nyumba yako. Mgeni akifika Monduli akafungua zizi lako apige picha na ndama, ungemwonaje? Basi Norco ni vivyo hivyo. Tembeeni kwenye njia, salimieni watu, na mkitaka kumkaribia farasi ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Wengi watafurahi kuulizwa, na mkisema mnatoka katika familia ya wafugaji mazungumzo hayataisha haraka.

Sasa la jirani. Anakupenda, ila kwa hili amekosea, na kosa lake linaweza kukuharibia safari. Ukiingia Marekani huulizwa, kwa karatasi au kwa mdomo, kama umekuwa shambani au kwenye malisho, na kama umegusa mifugo. Jibu ni ndiyo. Hakuna anayerudishwa kwa kuwa mfugaji. Kinachofuata ni ofisa wa kilimo kuviangalia viatu vyenu, pengine kuvisafisha kwa dawa, kisha mnaendelea na safari. Mwenye matatizo ni aliyesema hapana halafu mbolea ikaonekana kwenye soli.

Sababu ya maswali hayo unaijua kuliko watu wengi wa hapa. Ni ugonjwa wa miguu na midomo. Sisi tunao Tanzania, unakuja na kuondoka, ng'ombe anatokwa mate na kuchechemea, maziwa yanakatika, baadaye wengi wanapona. Marekani hawana. Mlipuko wao wa mwisho ulikuwa mwaka 1929, na ulitokea hukuhuku California, Montebello, upande wa mashariki wa Los Angeles. Nguruwe walilishwa mabaki ya nyama yaliyotoka kwenye meli ya watalii iliyokuwa imenunua nyama Argentina. Angalia njia aliyopita huyo mdudu: bara jingine, meli, pipa la takataka, hadi kwa nguruwe. Ndiyo maana nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa vizuri, na maziwa ya mgando, hata kama mdogo wako amekuagiza, visiingie kwenye begi.

Utaniuliza: farasi wanaupata ugonjwa huo? Hawaupati, kwa kuwa unashika wanyama wenye kwato zilizopasuka, na kwato ya farasi ni moja isiyopasuka. Lakini Norco hakuna farasi peke yao. Uwanja huohuo una mbuzi, kondoo, nguruwe anayefugwa na mtoto wa shule, pengine ng'ombe wawili. Virusi hivyo hukaa kwenye udongo wa kiatu, kwenye nguo, na kwa muda mfupi hata kwenye pua na koo la mtu aliyekuwa karibu na mnyama mgonjwa. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa watu wanaotoka kwenye nchi zenye ugonjwa ni kukaa siku 5 bila kukaribia mifugo. Mna wiki mbili. Norco iwekeni wiki ya pili. Wiki ya kwanza mpelekeni mama baharini.

Turudi kwa mama na methali yake. Asante ya punda ni mateke: umembebesha, umemlisha, naye anakulipa teke. Methali inamzungumzia mtu asiye na shukrani, na kwa binadamu inasema kweli. Kwa mnyama inatupotosha kidogo, kwa sababu inatufanya tulione teke kuwa chuki au jeuri. Farasi anapiga teke kwa hofu, mara nyingi kabla hajajua wewe ni nani.

Mfikirie farasi kama mnyama ambaye babu zake wote waliishi kwenye nyika wakiwindwa. Hana pembe kama ng'ombe. Silaha yake ni kukimbia, na akikosa pa kukimbilia, ni miguu ya nyuma. Punda naye anaogopa, ila punda akishtuka mara nyingi husimama na kufikiri, ndiyo maana tunamwita mkaidi. Farasi hukimbia kwanza, kufikiri kunakuja baadaye. Mweke mnyama wa namna hiyo kwenye mwili wa kilo 450 au 500 na utaona kwa nini hofu yake ni hatari kuliko hasira ya wanyama wengine.

Halafu macho. Jicho la farasi ni miongoni mwa macho makubwa kuliko ya wanyama wote wa nchi kavu, na yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote bila kugeuka. Lakini kuna sehemu mbili haoni. Moja ni nyuma yake kabisa, usawa wa mkia. Nyingine ni mbele ya paji la uso na chini ya pua, na hii wengi hawaijui. Mtoto anayemkimbilia farasi moja kwa moja usoni anapotea machoni pake ghafla, kisha mkono unamtokea puani. Mtoto anayepita nyuma kimya kimya anakuwa kivuli kisicho na jina. Katika hali zote mbili mnyama hajui kama aliyemkaribia ni binti wa miaka 7 au chui.

Kwa hiyo wafundisheni watoto tangu nyumbani, na mjizoeze kwa ng'ombe wenu: unamkaribia mnyama kwa upande, usawa wa bega, ukitembea polepole na ukizungumza. Sauti ndiyo inayomwambia kuwa wewe ni mtu. Mkono wa kwanza unagusa shingo au bega, si pua. Ukitaka kupita nyuma yake, pita mbali, hatua nne au tano nzima. Masikio yakielekea mbele, anakusikiliza. Yakilala nyuma kabisa yakabanana na shingo, ondoka hapo bila kukimbia. Mama hatahitaji kufundishwa sana. Mtu aliyesoma masikio na mikia ya ng'ombe miaka hamsini, kwa farasi anabadilisha lahaja tu.

Jambo moja ambalo watu wa hapa hawatakwambia, kwa sababu halijawatokea: khanga na shuka. Jicho la farasi hudaka mwendo haraka sana. Kitambaa kinachopepea kwa upepo pembeni mwa njia ni kitu cha kutisha kuliko gari linalopita, maana gari amelizoea. Si kwamba anachukia rangi nyekundu. Rangi nyekundu farasi haioni kama sisi tuionavyo, anaona zaidi buluu na njano. Kinachomshtua ni kupepea. Mama avae anavyopenda, ila ncha za khanga zifungwe vizuri, na mwavuli usifunguliwe ghafla farasi akiwa karibu. Mpanda farasi akija upande wenu, simameni pembeni wote pamoja, upande mmoja wa njia, semeni "hello" kwa sauti ya kawaida mapema, mwacheni apite. Mdogo wako akiwa anaendesha gari apunguze mwendo na asipige honi kabisa. Sheria ya magari ya California inamtaka dereva anayemkaribia mpanda farasi apunguze mwendo, au asimame kabisa mpandaji akimwashiria. Na wewe usishike usukani siku za mwanzo, maana huko wanaendesha kulia na macho yako yatakuwa kwa farasi.

Sasa karoti, na hapa naomba mdogo wako asome pia.

Ng'ombe wako anakula, anajaza tumbo, analala kivulini anacheua. Chakula kinarudi mdomoni, kinasagwa tena, na kosa la mwanzo linapata nafasi ya kurekebishwa. Farasi hacheui. Na zaidi ya hapo, farasi hawezi kutapika. Pale umio unapoungana na tumbo kuna msuli unaokaza mno, na umio wenyewe unaingia kwa pembe ambayo tumbo likijaa ndiyo kwanza mlango unabanwa. Kilichoshuka kimeshuka. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo mchana kutwa na usiku pia. Kazi kubwa ya kuchachusha nyasi inafanyika mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, ambao ni mrefu, una kona kali, na baadhi ya sehemu zake hazijashikwa imara ndani ya tumbo. Gesi ikizidi, au chakula kikibadilika ghafla, utumbo unavimba, unasogea, na wakati mwingine unajisokota. Wapanda farasi wanaiogopa hali hiyo kuliko teke lolote. Nimekesha usiku mwingi na farasi wenye msokoto wa tumbo, mwenye mnyama akimtembeza gizani huku analia, na si wote walioona asubuhi.

Karoti moja haiui farasi mzima. Lakini wewe huwezi kujua kama aliye mbele yako ni mzima. Wapo wazee ambao meno yamekwisha na kipande cha karoti kinawakwama kooni, hasa kikikatwa duara kama sarafu. Wapo ambao sukari inawaletea uvimbe ndani ya kwato, wanasimama kwa maumivu kama mtu aliyekanyaga makaa. Wapo wanaofungiwa bila kula kwa sababu kesho yake wanachomwa sindano ya usingizi. Na wewe si mgeni wa kwanza siku hiyo. Kila familia ikitoa karoti mbili, jioni farasi wa kona ya barabara amekula ndoo. Kisha kuna vidole: farasi aliyezoea kulishwa juu ya uzio hujifunza kuuma mkono mtupu.

Mwenye farasi akisema "mpeni," basi mpeni, kwa kiganja kilichonyooshwa, dole gumba limebanwa pembeni. Asiposema, msitoe. Na mkimaliza kumgusa farasi mmoja, nawieni mikono kabla ya kwenda kwa mwingine. Kuna ugonjwa wa majipu ya koo unaohama kutoka pua hadi pua, na mkono wa mgeni mpole anayempapasa kila farasi ni daraja zuri kwake.

Kuhusu binti na pumu yake, sitakujibu kwa urahisi, kwa sababu mimi si daktari wa watoto na simjui. Nitakwambia ninachojua kutoka upande wa banda. Vitu viwili vinaweza kumchokoza. Kimoja ni mba na mate ya farasi, na huu ni mzio tofauti na wa ng'ombe. Kumzoea ng'ombe hakumkingi. Cha pili ni nyasi kavu. Marobota yakifunguliwa hutoa vumbi lenye ukungu, na ndani ya banda lililofungwa hata mimi napata kikohozi. Agosti hapa ni jua kali, joto linafika nyuzi 38 na zaidi, na udongo wa zile njia ni kama unga. Kwa hiyo tafadhali, kabla hamjapanda ndege, mpelekeni kwa daktari wake. Ulizeni kama pumu imetulia kiasi cha kusafiri, na mpate pampu ya akiba itakayokaa kwenye mkoba wa mkononi, isiwe ndani ya sanduku. Kama amewahi kulazwa kwa pumu ndani ya mwaka huu, mwambie daktari waziwazi kuhusu farasi na nyasi kavu, na akikataa mtii.

Akiruhusu, anzeni na nje tu, mahali penye hewa, umbali wa uzio, dakika kumi. Macho yakiwasha, pua ikitiririka, akianza kukohoa au kifua kupiga filimbi, siku ya farasi kwake imeishia hapo. Mbadilishieni nguo, aoge, nywele pia. Pampu ikishindwa kumtuliza, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, pigeni 911, namba ya dharura ya hapa, hapohapo. Msianze kujadiliana gharama. Na gharama za hospitali Marekani ni kubwa kweli, kwa hiyo bima ya safari kateni wote wanne kabla ya kuondoka, na someni kama inakubali ajali ya kupanda farasi, maana baadhi haziikubali.

Mkiwa kwa daktari huyo, angalieni na chanjo ya pepopunda, yako na ya mama pia. Jina lenyewe lina punda ndani yake. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa kwenye udongo, na kinyesi cha farasi na punda kina sifa ya kuvibeba. Msumari mmoja kwenye njia ya udongo, na viatu vya wazi, unatosha.

Kijana anataka kupanda. Mruhusu, lakini si kwa jirani mwema atakayesema "mwinue mtoto, mwache akae dakika moja upige picha." Ajali nyingi ninazozisikia zinaanzia kwenye picha hiyo: mtu anamshikilia mtoto, mwingine anatafuta simu, hakuna aliyeshika hatamu. Zipo njia mbili za maana. Ya kwanza ni somo moja kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, mwalimu ameshika kamba ya farasi mzee aliyetulia. Mtoto hatakwenda mbali, lakini atajifunza kukaa, kupumua na kusimamisha mnyama, na kwa miaka 11 hiyo ni furaha tele. Ya pili ni safari ya kuongozwa kwenye njia, watu wakifuatana. Inavutia zaidi, unaona mto Santa Ana na vilima, lakini barabarani kuna mbwa, mifuko ya plastiki, nyoka wa kengele wakati wa joto, na farasi wengine wanaoambukizana woga. Kwa mtoto ambaye hajawahi kabisa, mimi ningechagua uwanja. Akipenda, arudi tena siku ya pili aende njiani.

Popote mtakapokwenda, wapeni maswali mawili kabla ya kulipa. Je, mnatoa kofia ngumu inayomkaa mtoto kichwani barabara? Je, farasi huyu amebeba watoto wangapi wiki hii? Mwalimu mzuri hujibu la pili kwa kukusimulia habari za farasi huyo kama anavyosimulia mtoto wake. Mtapewa karatasi ya kutia sahihi kwamba mmekubali hatari. Ni kawaida, isomeni. Kijana avae suruali ndefu na viatu vilivyofungwa vyenye kisigino kidogo. Kisigino ndicho kinachouzuia mguu usipenye wote kwenye kikuku cha kupandia, maana mguu ukinasa pale na mtoto akaanguka, farasi anakwenda shoti akimburuta.

Akianguka au akipigwa teke, hata kama anacheka, mtazameni. Kichwa kikiuma na kuzidi, akitapika, akisinzia kusiko kwa kawaida au akiongea asivyoeleweka, apelekwe hospitali kwa dharura. Teke la tumbo ni la kumwona daktari siku hiyohiyo, hata ngozi isipoonyesha kitu, kwa sababu ini na wengu huweza kuchanika bila alama nje. Hapo mtu kumwangalia kwa simu au kuniandikia mimi hakutoshi.

Mtaambiwa pia habari za rodeo, yaani mashindano ya kupanda farasi na kukamata ng'ombe kwa kamba, ambayo mara nyingi huwa Norco mwishoni mwa kiangazi. Asili ya hizi kazi ni wachungaji waliozungumza Kihispania, waliowahi kuchunga ng'ombe California kabla haijawa Marekani. Kamba, tandiko na hata maneno mengi ya mchunga ng'ombe wa sinema yametoka kwao. Kuna ustadi mkubwa ndani yake na mume wako angeutambua mara moja. Lakini nikuambie ukweli wangu: ndama kukamatwa kwa kamba huku anakimbia hakunifurahishi, kelele ni kubwa, vumbi ni jingi, na kwa binti yako si mahali pazuri. Mimi ningewapeleka kwenye viwanja vya George Ingalls, uwanja wa farasi wa mji wenyewe, siku ya mazoezi au mashindano madogo, ambapo wasichana na wavulana wa rika la mwanao wanakimbiza farasi kuzunguka mapipa huku wakipimwa muda kwa saa. Tazameni ratiba ya mji kabla ya kwenda.

Baba yangu alikuja kunitembelea akiwa na miaka 71. Mfugaji wa Singida, hajawahi kumgusa farasi. Nilimkalisha kwenye kivuli wakati nikizungumza na mteja, na nilipomaliza akaniita kando akasema, yule wa kahawia mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma, ameubadilisha mara nne tangu nikae. Nilikuwa nimempita farasi huyo mara mbili asubuhi ile. Tuliinua kwato tukakuta usaha umeanza. Kwa hiyo mwambie mama simwiti kuja kupanda wala kupapasa. Namwita kuja kukaa na kutazama, na akiona kitu amwambie mwenye farasi, mdogo wako atafasiri.

Nendeni asubuhi mapema, saa moja hivi, kabla ya joto, saa ambayo watu wanalisha na kutoa farasi. Bebeni maji mengi, kofia, na kiti cha kukunja cha mama. Ikifika saa nne rudini nyumbani. Na vile viatu mnavyovaa zizini, hata kama ni vizuri na vimeoshwa, viacheni Monduli.